Nilikwenda London kwa Ukurasa Mmoja

Nilikwenda London kugombana. Nalisema mapema ili msomaji wa nyumbani asije akatafuta humu habari za majumba ya wafalme na madaraja mazuri. Sikuyaona, na kama niliyaona sikuyatazama. Nimeishi Finland miaka ishirini na mitatu, nimezeeka kule, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupanda ndege kumfuata mtu kwa hasira. Safari hii nilipanda.

Wenzangu wa Tanga mpaka leo hawaamini kwamba kuna kazi kama yangu. Mimi ni mnoa viatu. Hoki ya barafu huchezwa na watu waliovaa viatu vyenye bapa la chuma chini, na bapa hilo lazima linolewe kabla ya kila mchezo. Kila mchezaji ana makali yake. Mmoja anataka chuma king'ate barafu, mwingine anataka kiteleze tu. Ukikosea kidogo, mtu mzima anakwenda chini mbele ya uwanja mzima, na lawama ni zako.

Klabu ya mji wetu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Walicheza juu ya ziwa lililoganda, wakifagia theluji wenyewe kwa mifagio waliyoichukua majumbani bila kuwaaga wake zao. Baadaye wakazungushia uwanja mbao za kiwandani, baadaye ukaezekwa paa, baadaye wachezaji wakaanza kulipwa mishahara. Klabu imeshuka daraja, imepanda, imeshuka tena. Ubingwa wa nchi imeuchukua mara moja tu, na msimu ule wa ubingwa ndio ulikuwa msimu wangu wa kwanza kazini.

Mwaka huu klabu imeamua kuandikiwa kitabu cha historia yake. Kazi akapewa Jari, golikipa wetu wa msimu ule, ambaye alipostaafu alimfuata mkewe London akahamia huko. Siku chache kabla kitabu hakijaenda kiwanda cha uchapaji, klabu ikaweka baadhi ya kurasa kwenye mtandao. Nikazifungua nikiwa na chai yangu mkononi. Ukurasa wa ubingwa una picha ya daftari langu la kazi, nililoandikia makali ya kila mchezaji. Mwandiko ni wangu, doa la mafuta ni langu. Chini yake pameandikwa: "Daftari la Reijo, fundi mkuu wa vifaa, aliloliandika kwa mafumbo aliyoyabuni mwenyewe ili wapinzani wasimwibie siri."

Mafumbo! Kiswahili cha mama yangu mzazi, aliyenizaa na kunilea Ngamiani, Tanga, leo kinaitwa mafumbo! Nilitukana peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Ni kweli kwamba juu ya jalada pana jina la Reijo, lakini nilijiambia hiyo si hoja. Nikampigia Jari simu, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Akaniletea ujumbe kwamba ana kazi nyingi, tutaongea kitabu kikitoka. Kitabu kikitoka! Nikakata tiketi siku ileile.

Jumanne asubuhi nilipanda treni kwenda Helsinki, nikapanda ndege, nikatua Heathrow mchana. Ofisa wa mpakani aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia kumtembelea mtu. Akauliza kama ni rafiki. Nikamjibu nitajua nikifika. Hakucheka, akanirudishia pasi yangu ya Kifini nikapita.

Kwenye treni ya kuelekea mjini nilikaa nikiitazama ile picha kwenye simu, nikisonya na kumlaani Jari chini kwa chini. Mbele yangu alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kihindi, kichwa amekifunika mtandio, mapajani ana mfuko wa giligilani.

"Na huyo unamtukana hivyo amekufanyia nini?" akaniuliza. Kwa Kiswahili!

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akacheka, akasema yeye ni Singasinga wa Kisumu, alizaliwa huko, na duka la baba yake lilikuwa karibu na stesheni. Nikampa simu, nikamweleza kwamba wanadai haya ni maandishi ya siri. Akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mstari wa juu wa daftari langu: "Namba saba, nyoosha kiatu cha kulia, chuma kimepinda."

"Hii ni Kiswahili," akasema. "Nani anasema ni siri?"

"Mzungu mmoja, mama."

"Basi mwambie mama wa Southall amesoma bila miwani." Treni ikasimama Southall, akashuka na mfuko wake. Nikaendelea na safari, na hasira zangu sasa zina shahidi.

Jioni nilifika Croydon kwa mpwa wangu Rukia, mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi. Alinipokea vizuri, akanipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alipoona sili, akanipokonya simu, akasoma, akaniuliza, "Mjomba, kwa hili tu umepanda ndege?" Nikamwambia ndiyo, kwa hili tu. Akatikisa kichwa akanitandikia kitanda.

Jumatano saa nne nilikuwa mlangoni kwa Jari, Ealing. Alifungua akiwa na soksi, kichwa kimekuwa cheupe chote. Aliponiona alisema jina langu tu, "Sefu." Nikaingia bila kukaribishwa. Mezani kulikuwa na karatasi za kitabu, chungu nzima.

"Nani alikuambia haya ni mafumbo?" nikamuuliza kwa Kifini, lugha tuliyozoea kuzungumza.

"Hakuna. Nilibuni."

"Ulibuni! Ebo! Nimekunolea viatu misimu sita, unanibunia mambo? Jana kwenye treni bibi wa watu kasoma daftari lile bila miwani!"

"Kaa, Sefu."

"Sikai!"

"Basi simama unisikilize," akasema, na yeye sauti ikampanda. "Ulitaka niandike kwamba ni Kiswahili? Watu wangeuliza ni Mswahili gani alikuwa chumba cha vifaa msimu ule. Orodha ya wafanyakazi ina Reijo peke yake. Wewe hukuwemo kwenye orodha. Ulikuwa mwanafunzi, huna ruhusa ya kazi ile. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekataa kukumbuka. Msimu ule nilikuwa chuo cha ufundi, na kibali changu kilinipa saa chache tu za kufagia uwanja. Reijo aliniona nikinoa kisu cha jikoni, akaniweka kwenye mashine ya viatu, na tangu siku hiyo nilifanya kazi kutwa kucha. Akaniambia, wakija wakaguzi niseme daftari ni lake. Kalamu niliishika mimi. Jina la Reijo pale juu ya jalada nililiandika kwa mkono wangu huu. Reijo mwenyewe alikuwa akinitania kwamba iko siku tutalifuta. Akafa hatujalifuta.

"Hayo ni ya zamani," nikamwambia Jari, lakini sauti haikutoka kama nilivyotaka. "Leo mimi ni raia. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utakubali kuandikwa. Halafu ningekuwa mimi niliyekuchongea." Akanikazia macho. "Kwenye fomu ya uraia, uliandika ulianza kazi lini?"

Hapo aliniweza. Niliandika kwamba nilianza mwaka uliofuata, nilipopata kibali. Ule msimu wa ubingwa niliumeza.

Jari akavuta karatasi. Akasema kitabu kinakwenda kiwandani kesho saa sita mchana, na kuna njia moja salama. Ataniweka kuanzia msimu wa pili, na picha, na sifa zote.

"Na ubingwa?"

"Ubingwa unabaki kwa Reijo."

Hapo ndipo nilipopandisha mori kwelikweli. Nilichukua ile karatasi yenye picha ya daftari nikampigia nayo mezani. "Unajua hapa pameandikwa nini? Umeweka kitabuni kitu usichokijua! Huyu golikipa ni wewe. Nikusomee?" Nikamfasiria hapohapo: "Golikipa anasema anapenda makali mazito, yanayong'ata barafu. Mwongo. Anayataka kwa ajili ya goti la kushoto, ni bovu, hataki kocha ajue. Mpe makali mazito kushoto tu, na usimwambie."

Jari alikaa. "Ulijua habari za goti?"

"Kiatu chako cha kushoto kilikuwa kinalika upande mmoja. Nimekaa na siri yako miaka yote, sikuiuza kwa mtu. Ila sikukupa jina la mtu mwingine, kama ulivyonifanya mimi Reijo!"

Nikatoka nikaubamiza mlango. Nilipofika kituoni nikagundua kofia nimeiacha kwake, na baridi ya London si kavu kama yetu, inaingia mpaka kwenye mifupa. Sikurudi kuifuata.

Jumatano hiyohiyo, kabla ya magharibi, nilimweleza Rukia yote. Nilidhani atakuwa upande wangu. Alisimama dirishani akanionyesha kwa kidole jengo la uhamiaji, ghorofa juu ya ghorofa.

"Mjomba, mimi kila nikienda shifti napita mbele ya lile jengo. Niliisubiri barua yao mpaka nywele zikaanza kukatika. Wewe umeshapita, umeshapewa pasi, unataka kurudi mwenyewe kwenye foleni? Chukua huo msimu wa pili, ushukuru."

"Nishukuru nini? Kwa kazi yangu mwenyewe?"

"Shukuru hakuna anayekugongea mlango!"

"Mwaka wa ishirini na tatu huu naishi kama mtu anayengoja kugongewa!" Nilipiga kelele, sikatai. Binti yake mdogo, aliyezaliwa hukohuko London, akatoa kichwa chumbani akauliza kwa Kiingereza kwa nini babu anamgombeza mama. Niliona aibu kubwa. Nikamwambia babu hamgombezi mama, babu ana hasira zake za zamani. Akaelewa Kiswahili changu chote, akaniuliza, kwa Kiingereza vilevile, kama hasira hizo ni za mama kuzibeba.

Nilikaa nikijiuliza hasira hizo napaswa kumbebesha nani. Jari alinificha, sawa, lakini alipokea tu kazi niliyoianza mimi. Na nilipoanza nilikuwa naogopa, nami bado nilikuwa naogopa, na huo woga ndio uliokuwa ukinichoma kuliko kitabu. Rukia akanimiminia chai. Akasema kwa upole, "Kama umeamua, basi sema yote. Usiongeze, usipunguze. Wanaokamatwa ni wale wanaosema nusunusu."

Alhamisi saa tatu asubuhi nilirudi Ealing. Jari alikuwa ameiweka kofia yangu juu ya kiti. Hatukusalimiana sana.

"Andika," nikamwambia. Akaandika, nami nikimtajia polepole. Alipomaliza akanisomea: "Daftari hili liliandikwa kwa Kiswahili na Sefu Mbaruku wa Tanga, aliyenoa viatu vyote vya msimu wa ubingwa akiwa mwanafunzi asiye na kibali cha kazi hiyo. Jina la jalada ni la Reijo, aliyemkinga."

"Hilo neno la kibali tunaweza kuliacha," akasema.

"Libaki."

"Sefu, mimi siwezi kukuahidi kitu."

"Sijakuomba ahadi. Na ile tafsiri ya mstari wa golikipa, iweke pia. Yote, pamoja na goti na lile neno mwongo."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani atakataa, na nilishajiandaa kwa ugomvi mwingine. Akainama akaiandika yote, akaniuliza mahali ambapo hakuelewa, akarekebisha. Saa tano na nusu akautuma ukurasa kiwandani. Akaniuliza kama bado nina hasira naye. Nikamwambia ndiyo, ila kahawa naweza kunywa. Tukanywa, akanisindikiza mpaka kituoni akichechemea mguu wa kushoto.

Ijumaa nilimuaga Rukia, akanifungia maandazi ya njiani, nikarudi kwa njia niliyojia. Nilichojifunza nakisema bila kupamba. Nilikwenda kumgombeza mtu kwa kunifuta, kumbe kifutio nilikuwa nimekishika mimi tangu mwanzo, kwa woga, na kwa sababu za haki kabisa. Reijo alinikinga kwa nia njema, Jari kwa nia njema, Rukia kwa nia njema, na nia njema zote hizo zilikuwa zimenizika nikiwa mzima. Hasira hazijaisha. Sidhani kama zitaisha, wala sitaki mtu anitulize.

Kitabu kimetoka, na ukurasa uko kama tulivyouacha. Jumatatu baada ya kitabu kutoka niliuchukua nikaenda nao ofisi ya uhamiaji ya mji wetu, kwa miguu yangu, ili wasije wakanisikia kwa watu. Karani aliusoma mara mbili. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, nimekuja kueleza nilianza kazi lini. Akavuta fomu, akaishika kalamu, akaniuliza jina. Nikalitaja lote, la kwangu, la baba na la babu, kwa sauti, mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka.