Kibanda cha Dende Katikati ya Ua

Mama yangu alikuwa na hakika kwamba dume la jirani lilikuwa la wizi. Ushahidi wake ulikuwa pua tu. Dende wetu, yaani simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia tunaowafuga ndani ya nyumba huku Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, walikuwa na alama nyeupe puani tangu nyanya yangu alipowashusha kutoka vilima vya Fizi. Dume la jirani lilikuwa na alama hiyohiyo.

"Pua ile naijua," mama alisema, akichungulia kati ya matete ya ua. "Ile ni mutoto ya dende yangu."

Ilikuwa vita ya pili. Waasi walikuwa wameshika mji, na wapiganaji wa upande mwingine walikuwa milimani, wakishuka walipotaka. Baba alikuwa amekwisha kufa kabla ya hayo yote. Mume wangu alivuka ziwa kwenda Kigoma tangu vita ya kwanza, nami nilirudi kwa mama na mtoto mgongoni, nikingoja aniite. Mbuzi walikuwa wamechukuliwa. Kuku nao walichukuliwa, maana kuku akitaga hutangaza. Dende ndio waliobaki kwa watu wengi, kwa sababu wanakaa gizani chini ya kitanda na wanakula maganda. Kisha siku moja askari wa waasi wakaingia hadi chumbani kwetu, moja kwa moja, wakawatia dende wote kwenye mfuko wa unga. Lilibaki jike moja changa lililojibanza nyuma ya kuni.

Hilo la moja kwa moja ndilo lililomuuma mama. Hawakutafuta. Walikwenda kitandani kama watu walioelekezwa.

Jirani yetu alikuwa mke wa muganga wa dispansari. Walitoka nyanda za juu, kwa watu wa ng'ombe, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kinyarwanda, lugha ya wengi wa wale waasi. Askari walikuwa wakiingia kwao asubuhi na jioni. Yeye alisema wanakuja kuchomwa sindano. Mama alisema, "Sindano gani ya kila siku?" Kule tulikochota maji, bamama walinyamaza alipofika, wakaendelea alipoondoka. Aliona. Alijaza ndoo yake taratibu, bila haraka, kama mtu aliyeamua kwamba hatakimbia.

Lakini jike letu lilikuwa linakua, na jike la dende likichelewa kupata dume, uzazi wake wa kwanza huwa mgumu, mifupa inakuwa imefunga. Mama alilijua hilo vizuri. Katika mtaa wote, dume lililobaki lilikuwa lile la pua nyeupe. Alizunguka nalo moyoni siku nyingi. Mwishoni alisimama kwenye ua akaita.

"Mama wa kule. Dume yenu iko na bibi?"

"Haiko naye," jirani alijibu. "Bwana yangu alilinunua soko, likiwa peke yake."

"Nani aliuzisha?"

"Muntu wa soko. Mi sikumuuliza jina, mama."

Mama alinigeukia akanitazama kwa jicho la kusema umesikia.

Walikubaliana kuwaunganisha, ila hawakukubaliana mahali. Mama hakutaka jike lake lilale nyumba ile. Alisema litaliwa, kisha tutaambiwa limekufa. Jirani naye hakutaka kutoa dume. Sauti yake ilikuwa ya upole lakini haikusogea. Hapo ndipo nilipowaambia, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa akili, wajenge kibanda kwenye ua wenyewe, nusu kwao, nusu kwetu.

Nilidhani watanicheka. Kesho yake mama alikuwa anakata mianzi.

Tulitoboa ua, tukakisimamisha juu ya miguu minne ili panya na maji visifike. Sakafu ilikuwa ya fito za mianzi zilizoachana kidogo, kinyesi kianguke chini na wao wabaki wakavu. Juu tuliezeka nyasi, kwa kuwa dende wanavumilia mambo mengi lakini jua la Baraka linawaua. Ndani tuliweka boksi la mbao lenye tundu, jike lipate pa kujificha dume likilisumbua. Na milango ilikuwa miwili, mmoja kwetu, mmoja kwao. Mama aliufunga wetu kwa kamba ya nyavu za marehemu baba, kwa fundo alilolijua mwenyewe. Jirani aliufunga wake kwa waya.

Alikuwa na mikono mizuri kwa wanyama, yule mwanamke. Alicheka alipoliona dume likizunguka jike na kunguruma, akasema kwao wakubwa wangemshangaa akifuga panya. "Lakini ng'ombe zetu zilikwisha," alisema. "Sasa hii ndio ng'ombe." Nilicheka naye. Mama, aliyekuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa.

Kuanzia hapo nyumba yetu iliishi kwa kusikiliza. Waya wa upande wa pili ukilia, mama aliacha alichokuwa anafanya. Alipakaa majivu kwenye fito karibu na mlango wa jirani, ili mkono ukiingia aone. Mkono uliingia kila siku, kwa sababu jirani alikuwa akiwapa majani ya matembele. Mama aliyatoa majani yale na kuyanusa kabla ya kuyarudisha.

"Unanusa nini?" nilimuuliza.

"Sijui. Ndiyo maana ninanusa."

Jike lilipoanza kunenepa, mama aliliinua mara kwa mara na kupapasa tumbo lake kwa vidole viwili. Alisema watoto ni wanne. Jirani alimwomba aache kulishika, akasema jike lenye mimba likishtuliwa hutoa mimba. Mama alilipokea hilo kama amri ya mtu anayetaka kuficha kitu. Aliendelea kupapasa, ila alifanya hivyo jirani akiwa kanisani.

Walizaliwa alfajiri. Watoto wa dende huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, na kabla jua halijapanda walikuwa wakikimbia nyuma ya mama yao. Walikuwa watatu.

Mama alisimama pale akiwa ameshika kamba mkononi. Kisha akaita jirani, si kwa sauti kubwa.

"Wa nne iko wapi?"

"Alizaliwa mufu, mama. Nilimutoa mapema, dume lisimukanyage, wengine wasiguse. Nilimuzika."

"Bila kuniita."

"Mulikuwa munalala."

"Sisi hatulalake," mama alisema.

Jirani aliingia ndani, akatoka na sufuria zake zote mbili, akazifunua mbele ya ua. Moja ilikuwa na maji. Nyingine ilikuwa na ugali wa jana. Nilimwonea haya, nikamwomba anionyeshe mahali. Ilikuwa chini ya mgomba wao. Nilifukua kwa kijiti na nikamkuta, mdogo, mwenye pua nyeupe, amevingirishwa katika jani la mgomba kama kitu cha kupikwa au cha kuheshimiwa. Nilirudi nikamwambia mama.

Alifikiri. "Anaweza kuwa alimuua mwenyewe," alisema.

Hata hivyo kibanda hakikuvunjwa. Jirani alishauri dume litengwe ili jike lipumzike, maana lingelirudia palepale baada ya kuzaa. Tukaweka kizuizi cha mianzi katikati, dume upande wao, jike na watoto upande wetu. Kwa mara ya kwanza mama aliridhika na shauri la mwanamke yule, ila alichunguza kizuizi chote kutafuta pengo.

Watoto walipoanza kula majani peke yao, kukaja alasiri moja ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi. Nilikuwa nafua. Jirani alikuja uani mwake na kusimama karibu sana na matete.

"Mama iko?"

Mama alikuja.

"Mama, leo ingizeni dende ndani ya nyumba. Wote. Hata dume, nitawapatia. Na mutoto wa huyu dada alale pamoja na ninyi, karibu na mulango."

"Kwa nini?"

Alitazama nyuma, nyumbani kwake. Ndani kulikuwa na sauti za wanaume.

"Kutakuwa baridi," alisema.

Mama alimtazama, akatazama mbingu. Ulikuwa msimu wa kiangazi na hata upepo wa ziwa ulikuwa umekufa. "Dende zetu ziko na manyoya," alijibu.

Jirani alibaki pale kidogo, vidole vyake vimeshika matete. Niliona kwamba alikuwa amevaa viatu vya kufunika, vile vya kanisani, na haikuwa Jumapili. Kamba yake ya nguo ilikuwa tupu. Kisha akasema, "Basi, mama," akaondoka.

Mama alikuwa na maelezo tayari. Tukiwaingiza wote kwetu, kesho atasema tumekula dume lake, na askari watatumwa tena, moja kwa moja. "Anatutegea," alisema. Nilimwambia kuhusu viatu. Alisema viatu ni vya kuvaliwa. Lakini niliona akifunga maharage na chumvi katika kitambaa, akakiweka karibu na mlango. Nilipomuuliza ni vya nini, alisema anapanga nyumba.

Risasi zilianza kesho yake asubuhi, jua likiwa limetoka. Zilitoka upande wa milima, kisha zikawa pande zote. Nilimfunga mtoto mgongoni, mama akachukua kitambaa chake, tukaingia kwenye mashamba ya mihogo pamoja na watu wengine, tukiinama, hadi tukafika njia ya Lweba. Nilipogeuka mara moja niliona mlango wa jirani uko wazi na hakuna mtu.

Tuliporudi, mji ulipotulia kidogo, kibanda kilikuwa kimeng'olewa na ua umelala chini. Hakukuwa na dende hata mmoja. Nyumba ya muganga ilikuwa haina mabati. Mama alisimama palipokuwa na tundu la ua, mguu mmoja kwetu na mmoja kwao.

"Aliwachukua," alisema.

"Wapiganaji ndio walipita hapa, mama. Hata milango wamechukua."

"Dume alilichukua yeye. Alikuwa analijua."

Wiki zile tulipata boti, tukavuka. Mume wangu nilimkuta amekonda lakini mzima. Tuliishi kambini Kigoma miaka mingi, na mama hakutaja jina la jirani wala kabila lake. Hadi siku moja, tukichambua mchele wa mgao, akaniuliza bila kuinua uso.

"Siku ile alisema baridi. Ilikuwa baridi?"

"Hapana, mama."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Basi angesema wazi."

"Askari walikuwa ndani kwake. Na angesema wazi, ungemwamini?"

"Ningemuuliza amejuaje," mama alisema. "Na mi ningeuliza mbele ya bamama wote, kule kwa maji. Askari wangemuua." Akatupa jiwe moja pembeni. "Labda alijua baridi kweli. Watu wa juu wanasikia baridi mapema."

Mchele ulikuwa unamwagika mikononi mwake, nikaanza kuuokota.

Alifia kule. Nilirudi Baraka na watoto baada ya mazishi yake, nikaijenga nyumba upya palepale. Kwenye kiwanja cha jirani sasa anakaa mwanamke aliyehamia kutoka upande wa Kazimia, mchuuzi wa samaki, mtu wa kupenda kujua. Asubuhi moja aliniona natazama kwake akauliza nani walikaa pale zamani.

"Muganga na bibi yake," nilisema.

"Walikuwa batu wa kabila gani?"

"Jirani," nilisema.

Alingoja niendelee. Nilipoona bado anangoja, nikachukua ndoo yangu nikaenda kuchota maji.