Deni Lililokosea Mlango

Fundi makochi alikuwa na mkono mzuri. Kochi lililochomoza springi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, akilishika, linarudi sebuleni kwa mwenyewe na heshima zake. Kilichomkwamisha ni cherehani. Chake kilikuwa cha nguo. Ngozi kiliitafuna badala ya kuishona. Akaenda benki kuomba mkopo anunue kizito.

Afisa mikopo alitazama kompyuta, akakohoa. "Mama, hapa unasomeka una deni bovu. Ulikopa, ukaacha kulipa."

"Mimi? Sijawahi kukopa hata chumvi kwa jirani."

"Basi nenda ofisi inayotunza taarifa za mikopo, wakupe yako uisome. Ukikuta kosa, lipinge. Ni haki yako, wala hulipii kitu."

Alikwenda siku hiyo hiyo. Jina kwenye taarifa lilikuwa lake, tarehe ya kuzaliwa yake. Simu na mtaa vilikuwa vya pacha wake. Namba za vitambulisho vyao zilifuatana kama walivyofuatana wenyewe tumboni, na tarakimu ya mwisho tu ndiyo iliyowatenga.

"Ukipinga, tunawaandikia waliokopesha," karani alimweleza. "Wakishindwa kuthibitisha kwamba deni ni lako, linaondolewa."

"Wakimgundua mwenye deni?"

"Litaandikwa kwake."

Hakujaza fomu. Aliikunja, akaitia mkobani, akaondoka. Shemeji yake, mume wa pacha, alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba atakayeingiza deni nyumbani kwake atatoka nalo. Wiki ile fundi alijigonga nyundo vidoleni, akashona mito ya mteja maua yakiangalia chini, akafumua yote. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, anaigeuza kifudifudi. Akisema, anambomolea dada yake ndoa; akinyamaza, anabeba mzigo si wake.

Mwishowe alimfuata. Alimkuta anapiga pasi sare za watoto, mumewe yuko kazini.

"Ulikopa kwa jina langu?"

Pacha aliisimamisha pasi. "Nilikopa kwa jina langu. Na nimemaliza kulipa." Akaingia chumbani, akarudi na foronya, akamwaga risiti mezani. "Ile operesheni ya macho ya mama. Wewe ulidhani kaka ndiye aliyelipa?"

Fundi alizipitia risiti moja moja. Hakukuwa na mwezi uliorukwa.

"Kumbe ulidhani mimi mwizi," pacha akasema.

"Nilidhani umekwama."

"Ungedhani nimekwama, ungekuja siku ile ile."

Fundi akazirudisha risiti kwenye foronya. Pacha akavaa viatu, wakaenda wote kwenye ile ofisi ya taarifa za mikopo. Njiani hawakuzungumza.

Karani alilinganisha karatasi, akaona kilichotokea: wakopeshaji walipoandika mkopo walikosea tarakimu moja, ukaingia kwa fundi, huku malipo yote yakiingia kwa pacha. Huku deni halilipwi, kule malipo hayana deni. Fundi akajaza pingamizi, wakaambatisha nakala za risiti, na karani akaweka alama kwamba deni hilo linabishaniwa.

"Majibu yaje kwangu," fundi alimwomba. "Yasiende kwake." Alipofika mlangoni akarudi kulisema tena.

Kusubiri kulimkondesha. Kila mara aliwaza kwamba wamekataa, au barua imetua mikononi mwa shemeji. Kumbe pacha alikuwa ameshamwambia mumewe mwenyewe, siku ile ile waliyotoka ofisini. Shemeji alinuna siku nyingi, ingawa chakula hakukisusia. Kisha akauliza macho ya mama yanaendeleaje, yakaishia hapo.

Jibu lilipokuja, fundi aliogopa kulifungua. Alimpa jirani amsomee. Wakopeshaji wamekiri kosa. Deni limeondolewa kwenye taarifa yake, na benki imepelekewa taarifa mpya. Alimwomba jirani arudie, kisha akakaa juu ya kochi la mteja, jambo asilolifanya kamwe.

Benki walimtaka aanze maombi upya, naye akaanza, na mkopo ukatoka. Cherehani kizito kilipofika, pacha alikuja kukiona. Alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Unajua kukitumia?"

"Nitajifunza. Kaa basi."

"Nimeacha nguo hazijapigwa pasi," pacha alisema. Fundi akamsindikiza hadi njia panda, na safari hii njiani walizungumza, yeye ndiye aliyeanza.