Pete ya Shaba kwenye Fimbo ya Hilda

Zipora alikuwa na hasira tangu siku ile shemeji yake, Obedi, alipomkabidhi Hilda, bintiye Zipora, fimbo ya kuchezea pool mbele ya ukoo mzima, watu wakapiga vigelegele.

Kwa macho ilikuwa nzuri. Obedi aliichongesha kwa fundi wa mtaa wa Kizota, kwa mti mgumu, akaagiza ivishwe pete nene ya shaba upande wa mbele. Yeye amekulia machungani, na fimbo ya machungani huchaguliwa kwa uzito wa kichwa: unaishika mkiani, unaipunga, ukisikia inakuvuta, hiyo ndiyo. Basi binti mwembamba kama ufito akachaguliwa fimbo ya kupigia fisi.

Zipora hajawahi kucheza pool. Ila kila jioni alikuwa akiuza karanga mlangoni pa ukumbi, macho kwa mwanawe, maana mle ndani kuna pombe na wanaume. Akaona. Hilda akiinama, ncha inazama. Ili aiinue anaikaba kwa nyuma, kiwiko kinayumba, mpira mweupe unaruka nje ya meza. Sasa kifundo cha mkono kimevimba, na Jumamosi ndiyo wanachagua timu ya mkoa.

Akamwambia airudishe. Hilda akasema baba mkubwa atajisikia vibaya.

Hapo damu ikamchemka. Alipomfundisha Hilda kutwanga uwele hakumpa mchi wake mwenyewe. Alimtafutia mwepesi, akaulaza kwenye kiganja cha mtoto aone unatulia wapi. Mchi tu ule. Leo mkono uharibike kwa kuogopa kumuudhi mtu?

Kesho yake akaichukua fimbo na Hilda, wakapanda bajaji hadi kwa Nurdini, fundi aliyeichonga, akamtaka aivue ile pete. Nurdini akaguna, zawadi ya mzee haiguswi mwenyewe asijue. Zipora akamwambia ampigie Obedi simu basi, huku mkono mwingine unafanya kazi.

Obedi alifika pete imeshavuliwa, iko juu ya benchi. Hakusalimia.

“Mmeiharibu fimbo yangu.”

“Kama ni yako, shemeji, Jumamosi nenda ukacheze wewe,” alisema Zipora. “Hilda, mwonyeshe mkono.”

Hilda akamwamkia kwanza, kisha akaunyoosha mkono. “Inanilemea mbele, baba mkubwa. Nilishindwa kusema.”

Obedi aliutazama ule uvimbe. Akaichukua fimbo, akaipunga, akatikisa kichwa.

“Hii haina kichwa. Ng'ombe hawataiogopa.”

“Mezani hakuna ng'ombe.”

Hilda akaipokea, akainama kwenye benchi la Nurdini, akaisukuma mbele na nyuma taratibu. Ncha haikuzama. Obedi akaona. Zipora akamtia pete kiganjani, akamfumba vidole.

Njiani alikuwa bado amekasirika, safari hii na Hilda.

“Siku nyingine kitu kikikuumiza, sema. Hata kama nimekupa mimi.”