Ågot na Kamba ya Madema

Ågot Tveite na kaka yake Tarald walikuwa wavuvi wa gylte, samaki mdogo wa miambani, kijani, mwenye michirizi ya buluu usoni. Zamani hapa kwetu tukimpata tulimtupa. Siku hizi anatakiwa akiwa hai: lori la matangi humpeleka kaskazini kwenye vizimba vya kufugia samoni, akawale chawa walioganda ngozini mwa samoni. Gylte wengi hufia hukohuko.

Asubuhi moja ya Julai walikuwa wakirudisha majini madema, mitego yao ya samaki, kumi kwa kamba moja. Ågot alishika usukani.

"Tarald, jaketi la kuokolea unalikalia tu?"

"Niache, mama mkwe!" Tarald akamtania dada yake. " Maji yenyewe kina kifupi hiki, nikisimama nakuona."

Ågot akacheka, Tarald akaendelea kupiga mluzi. Nyuma yake kitanzi cha kamba kilinasa buti la Tarald, dema zito likamvuta. Hakupiga hata kelele. Ågot aligeuka kwa sababu mluzi ulikatika ghafla.

Alizima injini, akavuta kamba kwa mikono. Dema la kwanza likaja, la pili, la tatu. Baada ya la sita akaja Tarald.

Mimi ni jirani yao. Simu yangu ililia nikinywa kahawa; alikuwa Ågot.

"Edvin, njoo na mashua."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Siwezi kumpandisha."

Nilimkuta amelala kifudifudi ukingoni mwa mashua yake, amemshika kaka yake kwapani, kichwa juu ya maji, anamgombeza kama mtu anavyomgombeza mlevi: "Amka basi, unanichosha." Alikuwa amemshikilia hivyo karibu nusu saa. Tulipompakia, vidole vya Ågot vilikataa kukunjuka.

Gatini dereva wa lori alikuwa akisubiri. "Leo mmelala sana!" akatania, kisha akaona turubai lililomfunika Tarald.

"Chukua samaki wako," Ågot akamwambia. "Wanakosa hewa."

Baada ya mazishi tulikwenda wote wawili kutoa madema yaliyobaki majini. Ågot alifungua moja baada ya jingine, akawamwaga samaki baharini. Wengine walikuwa wameshakufa.

Nilidhani ameacha uvuvi. Julai iliyofuata nikamwona anajiandaa kutoka peke yake, jaketi limefungwa hadi kidevuni. Nikamuuliza gatini, kwa nini.

"Nyumbani kuna kiti cha Tarald, Edvin," akasema. "Nikae nitazamane nacho?"

Akawasha injini.