Kichanga Hapimwi kwa Jasho la Babake

Mwanangu, kaa kitako, umenichosha. Ati kichanga hana baridi kwa kuwa wewe unatoka jasho! Maneno hayo hayo niliyasikia kijijini kwetu Konde, wakati wa vita, nikiwa mwari, na nusura yatutoe roho.

Wifi yangu Riziki alijifungua kabla ya miezi kutimia, masika yamekaza. Mtoto mdogo, unamweka kiganjani. Mumewe, kaka yangu Faki, mtu wa miraba minne na mbishi asiyeambilika, akamlaza kwenye susu, kitanda cha kuning'inia, karibu na dirisha, ati apate hewa. Kufika adhuhuri mtoto halii, hanyonyi, nyayo baridi kama jiwe la kisimani.

Nikamkimbilia shangazi yetu, Bi Mize, mlezi wa wajukuu tele. Aliingia hata hodi hakuimaliza.

"Faki, umemfanya nini mtoto?"

"Nimemfunika blanketi, shangazi. Na mimi hapa natoka jasho."

"Lahaula! Uji wa chunguni na uji wa kikombeni, upi hupoa mwanzo?"

"Wa kikombeni."

"Basi wewe chungu, mwanao kikombe. Mwili mdogo moto wake haba, na ngozi ya kuupotezea ni nyingi kuliko mwili wenyewe. Na blanketi halina moto, baba, hulinda uliopo. Wa huyu ushakwenda zake!"

Akamvua mtoto, akambandika kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Riziki alipochoka, Faki akavuliwa shati, akapakatishwa yeye. Wenziwe wa barazani wakamcheka. Machozi ya Faki yalimdondokea mwanawe utosini, naye akiyafuta upesi asimlowanishe.

Alasiri mtoto akapiga chafya, akalia, akatafuta ziwa la mamake anyonye. Sote tukalia naye, ila Bi Mize, aliyekuwa bado anagomba.

Yule mtoto ndiye Makame, unayemwona akibeba gunia la karafuu peke yake.

Basi sikia, maana mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Kila kiumbe na kimo chake: tone la umande linalomnasa sisimizi, ng'ombe hulilamba asijue. Mdogo usimpime kwa mwili wako. Mguse nyayo, uuulize mwili wake. Haya, mweke mwanao kifuani sasa hivi, nami nikiona. Mungu akukuzie, akuoneshe na wanawe, na akujaalie usikivu kabla ya majuto. Amin.