Ametoka Nje

Kwetu Mabawe mtu mzima hakojoi, hutoka nje. Mke halitaji lile neno la mumewe mbele ya mama mkwe, wala mama halitaji la mwanawe mbele ya mkamwana. Labda kwingine wanalitaja. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui ya kila mahali.

Mume wangu hupakua mizigo Rusumo, kwenye malori yanayosubiri kuvuka. Alirudi ana homa, anatapika, na kufika hospitali kubwa alikuwa hajitambui. Wakamlaza chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari, kijana mwenye adabu, akatufuata barazani.

"Shikamoo, bibi," akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mgonjwa wetu jana alitoka nje?"

"Alitoka vizuri tu. Nilimtoa mwenyewe."

Daktari uso ukamlegea kidogo. Akasema vipimo vya damu bado havijaonyesha ubaya, lakini damu huchelewa kusema. Mara nyingi mkojo ndio hutangulia kuonyesha kama figo zinaelekea kufeli. Kama jana ulitoka vizuri, tuna pa kuanzia.

Nikamtazama mama. Jana alimtoa nje kweli: alimshika kwapa, akamkalisha juani kwenye mkeka. Hakusema uongo hata kidogo. Na daktari naye hakukosea, alimstahi mzee. Mwenye kulisema lile neno nilibaki mimi, na mtoto mgongoni.

"Daktari," nikasema macho sakafuni, "nje ya juani alitoka. Kukojoa, hajakojoa tangu juzi."

Mama akajifunika kanga usoni. "Yesu wangu! Huyu anamkojolesha mwanangu hadharani!"

Muuguzi aliyekuwa akipita akacheka. Daktari hakucheka. Alirudi ndani haraka, na baadaye akatueleza kwamba sasa watamchukulia kama mtu ambaye figo zake zinaweza kufeli wakati wowote: watapima kila tone la mkojo linaloingia kwenye mfuko, wataacha dawa zinazozichosha, na mashine ya kusafisha damu ikihitajika isiwakute hawajajiandaa. Hakuahidi kitu. Namshukuru kwa hilo, ingawa siku ile nilitamani aahidi.

Mama akabaki na mgonjwa. Mimi nikarudi nyumbani na mtoto, maana pale si pa watoto wachanga, na maharage yalikuwa yanangoja kung'olewa. Kila alfajiri nilisikiliza nyuma ya migomba, mume wangu alikozoea kupita akienda kutoka nje, akikohoa kikohozi chake cha makusudi ili watu wajue ni yeye. Niliwahi kumwambia kinaniamshia mtoto. Sasa mtoto alilala mpaka jua lichomoze, na mimi nilikitamani kikohozi kile kuliko chakula.

Jioni mama alikuwa akipiga simu. "Bado," anasema, anakata.

Leo amepiga mchana, niko shambani. "Ametoka nje."

Moyo uliruka, nikauzuia. "Nje ipi, mama?"

Nyuma yake nikawasikia watu wa barazani. Kisha akapaza sauti kama anayeita ng'ambo ya mto:

"Amekojoa! Umesikia wewe? Mwanangu amekojoa! Kidogo, mweusi kama chai ya rangi, lakini amekojoa!"

Nilicheka huku nalia. Daktari kasema ni dalili njema, si kupona. Naandika hivyo hivyo nisije nikajidanganya. Ila jioni nimeifyeka ile njia ya nyuma ya migomba. Ilikuwa imeanza kuota majani.