Kwangu ni Kwake

Wiki hii, katika ofisi ya kugawa nyumba hapa Stockholm, nilikaa nyuma ya Watanzania wawili. Mmoja, anayetembelea magongo, hana nyumba. Mwenzake alikuja kumtafsiria. Karani, mama wa Kiswidi, akasema, "Muulize kama ana pa kulala."

Mwenzake hakumuuliza. Aliweka mkono kifuani, akajibu, "Mama, kwangu ni kwake. Ndugu yangu akose pa kulala, na mimi nipo?"

Karani akatabasamu, akafunga faili. Nyumba ni za wasio na pa kulala. Sisi bwana, aibu ya kumtangaza ndugu yetu hatuiwezi, hata mbele ya mtu mwenye funguo.

Mwenye magongo alipoelezwa, alimkabidhi mwenzake magongo yote mawili. "Ahsante, ndugu yangu. Kwako kule Rågsved hakuna lifti. Basi utanibeba mpaka ghorofa ya tatu."